Huyu Hajafanya Kitu

Usiku wa jana niliota kifungo cha shati langu kinaniaga. Ndiyo maana, binti yangu Godliva, umenikuta mlangoni pa ofisi yako ya kijiji kabla hujafika na ufunguo. Sikuja kuomba msaada wa wazee. Nimekuja kuandikwa.

Ila usiniangalie nikisema. Angalia karatasi yako. Mimi nitaangalia ile kalenda ya ukutani, ingawa ni ya mwaka juzi.

Nianzie Jumanne, maana ndoto ilianzia huko.

Jumanne ulikuja kwangu na faili la nishani. Ukasema wilaya inataka vijana watatu, waliotumikia watu na wakajikuza wenyewe. Ukasema mjukuu wangu Nakunda ametajwa na watu wa zahanati, na watu wa ndiva pia, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji. Kwamba kimebaki kitu kimoja, neno la mzee wake. Na kanuni inasema neno la mzee linaandikwa kama lilivyotamkwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Kanuni niliisikia. Sema sikudhani inanihusu mimi.

Ukaniuliza, "Mzee Elieskia, huyu Nakunda amefanya nini?"

Nikakujibu, "Huyu? Huyu hajafanya kitu. Mvivu huyu, hata kikombe haoshi. Namvumilia kwa sababu sina mchumba mwingine."

Sasa wewe umetoka mbali, labda kwenu babu akisema kitu amesema. Kwetu mjukuu ni mtani wa babu. Yeye ananiita kibogoyo, mimi namwita mvivu, na siku ikianza bila hayo tunajua kuna mgonjwa. Halafu juu ya hapo, mtu hamsifu wa kwake mbele ya mgeni. Ukimsifu watu watasema unamuuza, au jicho baya limpate bure. Wa kwako unamponda kidogo, mgeni ndiye anasema, "Hapana mzee, ni mtoto mzuri huyu," na wewe unasema, "Aa, kama wewe umeona." Ndivyo inavyokwenda. Nilikuwa nimekaa nakusubiri useme hapana mzee.

Wewe ukaandika.

Nakunda alikuwa amesimama pale na birika. Aliposikia mvivu alicheka, maana hiyo ndiyo salamu yake. Halafu akaona kalamu inakwenda. Kicheko kikakatika katikati. Akamimina chai, hata tone halikumwagika. Wewe ukasoma ulichoandika, ukafunga faili, ukasema majina yanateremka wilayani Ijumaa saa nne asubuhi. Nami nikasema karibu tena.

Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Ilikuwa nafasi pana, ng'ombe angepita. Lakini kulikuwa na majirani wawili kwenye benchi, nikaona aibu kumsifu mtoto wangu mbele yao. Aibu ndogo hiyo ndiyo imezaa hii kubwa.

Jioni nikamwambia, "Mchumba, yule binti hajui utani."

Akasema, "Si kitu, babu."

Hakuniita kibogoyo. Jumatano hakuniita kibogoyo. Jana pia.

Basi nikalala, nikaota.

Naota ni asubuhi, nimekaa kwenye kigoda navaa shati. Lina vifungo vyeupe, isipokuwa cha pili kutoka juu, hicho ni cha rangi ya kahawia. Kilitoka kwenye sweta la marehemu bibi yake, Nakunda alikishona mwezi uliopita kwa uzi mara mbili.

Hicho cha kahawia kinasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Naaga."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Ni kwamba sipo. Imeandikwa Nakunda hajafanya kitu. Mimi nilishonwa na Nakunda. Kwa hiyo sijashonwa."

"Mbona nakuona hapo kifuani?"

"Unaona mazoea tu."

Nikakiambia yale yalikuwa maneno ya utani. Kikasema, "Sisi vitu hatuna watani, mzee. Tunafuata maandishi."

Uzi hakikuukata. Kilifungua fundo polepole, kama mtu anavyovua viatu mlangoni kwa watu. Kikashuka kwenye suruali, kikakanyaga chini.

"Mambo yakiandikwa upya," kikasema, "utanikuta kizingitini, upande wa nje. Nitangoja mpaka saa nne."

Kikaondoka. Nikabaki kifua wazi. Sikushangaa, ndotoni mtu hashangai. Niliona haya tu, kama mtu aliyekutwa anaoga.

Mara nasikia hodi kwenye kidole gumba cha mguu.

"Nani?"

"Mimi wa mwezi wa saba."

Ni funza. Namjua kwa sauti.

"Wewe si ulitolewa?"

"Nilitolewa na nani?"

Ningemtaja Nakunda, na Nakunda imeandikwa hajafanya kitu. Funza akaingia na mzigo wake, akapapasa kuta.

"Ngozi imekuwa ngumu," akasema. "Lakini nimepazoea."

"Karibu," nikamwambia. Ningesemaje? Mgeni ni mgeni.

Nataka kusimama, naona nimeshasimama, niko njia ya zahanati. Unaijua ile ngazi. Mawe arobaini na moja. Nakunda aliyatoa mtoni kiangazi chote, moja moja kichwani, akayapanga pale kwenye mteremko ambao wajawazito walikuwa wanaushuka kwa makalio wakati wa mvua. Basi mawe yale nayakuta yanarudi mtoni. Yamepanga mstari, yanateremka kwa adabu, na kila moja likinifikia linasema, "Shikamoo, babu."

Shikamoo haiachwi bila jibu. Nikaitikia marahaba arobaini. Ya kwanza ilikuwa nyepesi. Ya ishirini ilinikaa kooni kama ugali mkavu. Na lile jiwe la mwisho, dogo, halikunisalimu. Lilipita linaangalia pembeni, kama mtoto aliyekatazwa nyumbani kumwamkia mtu fulani.

Juu kabisa amesimama mkwe wa mzee Kiangi, yule mwenye mimba ya miezi minane. Mguu mmoja uko chini, mwingine uko hewani.

"Babu," ananiita, "ngazi imekwenda."

"Nimepishana nayo."

"Naweza kuteremsha mguu?"

"Ngoja kidogo, mama. Kuna karatasi naenda kurekebisha."

"Nangoja. Ila usichelewe, mtoto naye anauliza."

Nageuka kushika njia ya ofisi, njia inanileta ndivani. Matope ambayo Nakunda aliyazoa mwezi wa tisa kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya kijiji kizima, yanarudi bwawani. Yako kwenye foleni, kila tope na beseni lake. Maji yamesimama pembeni na hayana pa kukaa. Wanakijiji wamesimama na majembe, wananiangalia.

Hawakunitukana. Afadhali wangenitukana. "Pole na safari, mzee," wanasema. "Nyumbani hawajambo?" Upole ule wa msibani.

Mtani wangu Mbaga peke yake, fundi wa mfereji, alijaribu. Akasema, "Elieskia, leo wamekuachia kikombe uoshe mwenyewe?"

Hakuna aliyecheka. Mbaga mwenyewe akainama akaanza kukagua mpini wa jembe, ambao haukuwa na tatizo.

Napiga hatua moja kuwakimbia, naingia ofisini kwako.

Ila ofisi yako ni darasa la pili, palepale nilipoachia shule kabla herufi hazijanikaa, dawati langu bado lina lile tundu la wino. Na kwenye kiti chako hukukaa wewe. Limekaa baragumu, lile la pembe ya tandala tunalopuliza kuita watu kwenye msaragambo. Limevaa miwani. Linaongea puani.

"Kaa pale, wazee baadaye," linaniambia. "Tunapima kwanza."

Kwenye ukuta vijana wamepanga mstari wanapimwa kwa utepe wa fundi cherehani. Maana kanuni yenu inasema kijana awe amejikuza, basi wanaangalia amekua mpaka wapi. Kuna mmoja alikuwa mlevi, ameacha, kichwa chake kinagusa dari. Kuna binti amejifunza kuomba radhi, amelazimika kukunja shingo.

Baragumu likaita, "Nakunda wa mzee Elieskia."

Utepe ulifika gotini kwangu.

Ni Nakunda wa miaka mitano, binti yangu. Yule yule wa siku aliyoletwa kwangu na mfuko wa nguo, kanga imefungwa shingoni, mtoto asiyeweza kutaja jina lake mbele ya watu bila kuuma kidole. Yule mkubwa, aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji mwezi wa tano akawaambia wazee mfereji umezibwa wapi na umezibwa na nani, huyo hayupo. Imeandikwa hayupo.

Akaniangalia toka kule chini. "Si kitu, babu," akasema.

Baragumu likanigeukia. "Shida?"

"Nilisema neno la utani, likaandikwa. Naomba lifutwe."

"Kufuta ni kwa saini."

Nikatoa dole gumba.

"Dole gumba hatupokei kwa mtu anayejua kuandika. Hapa inaonyesha unajua."

"Najua jina langu."

"Toka lini?"

"Toka masika."

"Nani alikufundisha?"

Hapo nikaona nimefungiwa mlango kwa nje.

Maana alinifundisha yeye. Jioni, jikoni, ugali ukiwa unaiva, ananishika mkono na kipande cha mkaa tunaandika sakafuni. E ni kitana, babu, kina meno matatu. L ni mtu amekaa amenyoosha miguu. Nina miaka sabini na moja, maisha yangu yote nimekuwa nikichovya dole kwenye wino mbele ya makarani wanaocheka, na mtoto huyu akanitoa huko kwa mkaa wa jikoni. Kulikuwa na siku nilikuwa nakosa meno ya E, naweka manne, naweka matano. Anasema, "Kibogoyo, unajiongezea meno kwenye karatasi."

Nikashika kalamu. Mkono wangu ukaiangalia kama mkono wa mtu mwingine. E ikachungulia kwenye ncha, ikaona watu, ikakunja meno yake na kurudi ndani.

"Basi tamka," likasema baragumu. "Mbele ya watu. Amefanya nini?"

Nikaangalia nyuma, darasa limejaa. Kijiji kizima kimekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni. Na wale majirani wawili wako mbele na benchi lao.

Nikafungua kinywa. Nikasikia, "Mvivu huyu."

Nakunda akapungua mpaka kifundo cha mguu.

Sikutaka kusema hivyo. Kinywa kimezoea njia moja, kama punda wa maji, hata ukimwelekeza kwingine anakupeleka kisimani. Nikajaribu tena. Nikasikia, "Hata kikombe haoshi."

Akapungua tena. Pale mezani kulikuwa na kikombe cha chai, kitupu. Akakaa ndani yake, akashika ukingo kwa vidole, akaniangalia. Macho hayakupungua. Macho yalibaki makubwa vilevile.

Baragumu likavua miwani. "Mzee, umewahi kumsifu mtu wako?"

"Nimewahi. Mke wangu."

"Lini?"

"Siku ya kumzika."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu."

Baragumu likaandika. Kalamu ilichukua muda mrefu, kana kwamba jibu langu lilikuwa refu.

Nikasimama pale, kifua wazi, sina kifungo, sina jina. Nikafikiri, nitoke tu. Nirudi nyumbani nikae kwenye kigoda. Kuna wazee wengi wamenyamaza na wakazikwa vizuri.

Ndipo funza akasema toka kidoleni. "Mzee. Sema lile langu."

"Lipi?"

"Usimsifu kama huwezi. Sema tu lililotokea."

Nikasema, "Mwezi wa saba Nakunda alinitoa funza. Kwa mwiba wa mchungwa. Akaniambia kibogoyo usilie, watu watasema nakupiga."

"Ni kweli," akasema funza. "Nilikuwepo." Akabeba mzigo wake, akaaga, akaondoka.

Nakunda akatoka kikombeni, akasimama mezani.

Nikasema, "Ngazi ya zahanati. Mawe arobaini na moja. Aliyaleta kwa kichwa, na shingo ilimuuma mpaka akawa anageuka na mwili mzima, akasema amelala vibaya." Tukasikia kwa mbali mguu wa mkwe wa Kiangi unakanyaga jiwe, halafu la pili, halafu la tatu. Nakunda akashuka mezani, akanifika kiunoni.

Nikasema, "Ndiva. Watu walitoka kwenye msaragambo saa sita mchana, yeye akabaki na beseni mpaka akafika chini, kwenye mchanga." Maji yakaingia yakakaa, tukasikia yanavyojiweka sawa. Nakunda akanifika begani.

Nilikuwa nalia, binti yangu, sikufichi. Niliyaacha machozi yafanye kazi yao, na mimi nifanye yangu. Nikasema, "Jina langu alinifundisha yeye." Nikasema, "Alikuwa anaogopa watu, akajifundisha kusimama mbele yao, nami nilikuwepo kwenye mkutano nikajifanya nakohoa ili watu wasione ninavyofurahi." Nikafungua kinywa kusema habari ya kifungo.

Baragumu likafunga daftari.

"Imefutwa?" nikauliza.

"Haijafutwa. Hapa ni ndotoni, mzee. Daftari lenyewe analo Godliva. Nenda ukaseme kule ukiwa macho, kwa kinywa hichohicho."

"Kule nitaona aibu."

"Ndiyo," likasema. "Utaona."

Likajishika lenyewe, likajipuliza.

Nikaamka. Baragumu lilikuwa linalia kweli, kule mlimani, leo Ijumaa ni zamu ya kitongoji chetu kwenda ndivani. Kitanda cha Nakunda kimeshatandikwa. Jembe halipo ukutani, alitoka kabla baragumu halijalia. Vikombe vilikuwa vimeoshwa, vimefudikizwa kwenye sinia, vyote vinne. Nikavihesabu nimesimama, nikavihesabu tena. Huwa nanywea tu, sijawahi kujiuliza vinaoshwaje.

Nikasema, ni ndoto, mzee, umekula maharage usiku. Nikachukua shati msumarini, nikavaa. Cha kwanza nikafunga. Cha pili vidole vikapita hewani.

Uzi ulikuwepo palepale. Haukukatika. Mara mbili, umefunguliwa fundo, ncha zimelala pamoja.

Nikafungua mlango. Kilikuwa kizingitini, upande wa nje.

Nikakiambia, "Twende."

Ndicho hiki, nakiweka hapa mezani kwako. Kishike, ni cha kweli. Na shati ni hili, tazama uzi wenyewe, ila usoni usiniangalie bado.

Sasa binti yangu, yale yote niliyoyasema kwa baragumu, yaandike kwenye faili la Nakunda. Bila kuongeza wala kupunguza. Nakuona unataka kuniambia imeshapita. Haijapita, saa yako hiyo inasema saa tatu na nusu, na kifungo kilisema saa nne.

Wale watu waliosimama dirishani waache wasikie. Nimewaona toka nilipoanza. Yule wa mbele ni Mbaga.

Hiyo pedi ya wino iondoe, sitoi dole. Nipe kalamu. Herufi ya kwanza ni kama kitana, ina meno matatu, usinihesabie. Itachukua muda. Mwandiko wangu ni wa polepole, lakini aliyenifundisha si mvivu.

Hilo nalo liandike.